Kabla Dhahabu Haijayeyuka

Novemba 4

Mhariri amenikatia safu yangu hadi nusu ukurasa. Nusu nyingine kawapa wauza magodoro. Nimempigia nikamwambia gazeti linalothamini godoro kuliko hoja litaishia kulaliwa. Akacheka. "Hiyo nzuri, Kaka Deo. Iandike wiki ijayo, ila iwe fupi."

Kwa hiyo maneno yatakayokosa nafasi kule yatakaa humu. Nina miaka hamsini na mitatu. Nimegombana kwa maandishi na wakuu wa wilaya, na makampuni, na padri mmoja aliyedhani umaskini ni kipaji. Sijawahi kufuta neno. Sitaanza kunyamaza kwa sababu ya godoro.

Mvua bado. Mtaa wetu wote wa Kambarage ni vumbi, na mbuzi wa jirani wanakula maboksi.

Novemba 8

Limi, binti yetu pekee, yupo nyumbani tangu mwezi uliopita kwa ajili ya utafiti wake wa shahada ya pili. Asubuhi anafanya kazi kwa Januari, mwenye maabara ndogo ya kupima dhahabu hapa mtaani. Mchana Januari anamwachia hadubini yake, ambayo ina jiko dogo la umeme chini ya lenzi, ili uweze kukitazama kitu huku kinapata moto. Ya chuoni kwao imeharibika na hakuna anayejua lini itatengenezwa. Hilo nimeshaliandikia, nusu ukurasa.

Leo mezani mama yake, Salvina, alimuuliza hasa anachunguza nini.

"Jinsi joto linavyoharibu uso wa dhahabu, Mama."

"Kuharibu si ndiyo kazi ya joto," Salvina akasema. "Hilo hata mimi ningekuandikia, ukanilipa mchele."

Limi akacheka hadi akaweka kijiko chini. Kisha akasogeza sahani. "Fikiria majaruba yako ya mpunga. Kila jaruba limesawazishwa, na kati ya moja na jingine kuna tuta. Uso wa fuwele ya dhahabu uko hivyo hivyo. Ni sakafu bapa, halafu kingo, halafu sakafu nyingine chini yake, na atomi zimekaa kwa mistari. Sasa joto ndiyo mvua. Ikiwa kidogo, tuta linapindapinda tu, udongo unatoka hapa unakaa pale. Ikizidi, matuta yanakatika, na hujui tena jaruba hili linaishia wapi na lile linaanzia wapi."

"Na mpunga?"

"Hapo sijafika, Mama."

Nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote wa mtaa huu, na sijawahi kuelezwa jambo la kisayansi kwa usafi namna hiyo. Nikamuuliza linamsaidia nini mchimbaji.

"Bado sijui, Baba."

"Hilo si jibu la kupeleka mbele ya watu."

"Ndiyo maana sijalipeleka."

Novemba 12

Joto. Sikuandika kitu.

Novemba 16

Nilikwenda kuona mwenyewe. Januari alinipokea mlangoni, mikono juu. "Mzee wa kalamu. Leo umekuja kunipiga?"

"Bado nanoa."

"Basi ingia kabla hujamaliza."

Limi alikuwa ameinama kwenye hadubini, nywele kazifunga kwa kitambaa. Akaniamkia bila kuinua kichwa, akaongeza, "Usiguse meza, Baba. Ukigusa, picha inatetemeka."

Ameyeyusha ncha ya waya wa dhahabu safi hadi ikawa tone, kisha akaiacha ipoe taratibu sana. Tone likipoa hivyo, upande mmoja unajitengenezea kiduara bapa, kinang'aa kama kioo, ingawa hakuna aliyekipiga msasa. Atomi zimejipanga zenyewe. Nilikitazama kwa lenzi. Kisha akaongeza joto, akanisimulia polepole nini kinatokea, na nikaona. Ukingo wa kile kiduara ukaanza kulegea. Kikapungua. Mng'ao ukafifia, kama kioo ulichokipulizia pumzi. Mwisho hakikuwepo.

"Imeyeyuka," nikasema.

"Haijayeyuka. Bado sana. Bado ni ngumu kama kawaida, na umbo lake ni lile lile. Uso tu ndio umeshindwa kukaa sawa." Akaandika kipimo cha joto. "Hapo ndipo ninapopatafuta. Pale hasa unaposhindwa."

Niliondoka bila kubishana na mtu, jambo ambalo Januari alilitangaza kwa wateja wake wote.

Novemba 20

Mvua ya kwanza. Salvina hakungoja ikatike, akaenda shambani kuangalia matuta.

Novemba 23

Zipora, mdogo wake Salvina, amekuja kutoka Bugarama na kilio. Yeye husuuza mchanga wa mawe yanayotoka kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, anakamata dhahabu kwa zebaki, anaichoma, anauza. Mnunuzi anaishika, anaipapasa kwa kidole, anasema, "Hii ina mparuzo, ni chafu," na kuishusha bei hapo hapo. Kila wiki.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Nasemaje, Shemeji? Mzani ni wake, kiti ni chake. Mimi nimesimama."

Damu ilinichemka. Nimewaandama wanunuzi hawa tangu Limi akiwa darasa la tatu na sijawahi kuwa na silaha ya kuwatoboa. Kila mara wanasema, "Mwandishi hajui madini." Sasa nina binti anayejua madini.

Zipora alimwachia Limi chembe ya dhahabu yake, akaitazame kwa hadubini.

Novemba 26

Limi amenitumia picha kwenye simu, akiwa maabara. Sijui niielezeje. Ni kama sega la nyuki lililochomwa, matundu na mapango na kuta nyembamba za njano. Chini yake kaandika: "Baba, ona uzuri huu. Ni yako tu, bado sijamaliza kazi."

Nimeitazama mara nyingi. Hajawahi kunitumia kitu cha kazi yake. Akiwa mdogo nilikuwa ninamsomea makala zangu kabla ya kuzipeleka, naye anasinzia.

Novemba 30

Imetoka. "Moto si Uchafu." Mhariri alipoiona picha alifukuza magodoro yote, akanipa ukurasa mzima.

Nimeandika kwamba sayansi imesema: dhahabu safi kabisa ikipata moto hupata mparuzo, na anayemkata bei mama msuuzaji kwa sababu ya mparuzo anamwibia mchana kweupe. Nimeandika kwamba hii hapa ndiyo dhahabu safi baada ya moto, kazi ya binti yangu, mtaalamu. Nimemtaja kwa jina kamili. Simu haijapumzika tangu asubuhi.

Limi yuko Maganzo kwa rafiki yake. Anarudi kesho.

Desemba 1

Alirudi baada ya misa. Gazeti lilikuwa mezani. Alilisoma akiwa amesimama, mkoba begani.

"Baba, ile picha si dhahabu safi."

"Ni dhahabu."

"Ni ile ya Mama Mdogo Zipora. Hayo matundu ni mahali zebaki ilipotoka ikiwa mvuke. Na nyingine bado imo ndani." Hakupandisha sauti. "Dhahabu safi ikipata moto inachakaa kwa kiasi ambacho mimi nahitaji hadubini kukiona. Hakuna mnunuzi anayeweza kukipapasa kwa kidole. Ni vitu viwili tofauti kabisa."

Nilimwambia msomaji wa kawaida hataona tofauti.

"Mimi naiona."

Nilimwambia kuna ukweli wa maabara na kuna ukweli wa haki, na wanunuzi ni wezi kwa kipimo chochote. Akasema hilo hajalikanusha. Akasema, "Nilikuandikia ni yako tu."

"Mimi ni mwandishi, Mayu. Ukinipa kitu umewapa watu."

Tunamwita Mayu, mama, kwa sababu ana jina la mama yangu. Aliingia chumbani. Salvina akaniambia chakula kipo jikoni, nikachukue mwenyewe.

Desemba 5

Nimetoka redioni. Nilikuwa nimeshawaahidi. Njiani nilifikiria nitaje kwamba kuna mambo ya kurekebisha, lakini mtangazaji alianza na simu za wasikilizaji, na wa kwanza alikuwa mama kutoka kijiji kimoja cha Msalala aliyesema anasikia sauti yake mwenyewe ndani ya yangu. Huwezi kumjibu mtu kama huyo kwa habari za matundu. Nikasema yale yale, kwa nguvu zaidi.

Nyumbani redio ilikuwa imezimwa.

Desemba 9

Mvua kubwa. Paa la jikoni linavuja pale pale pa mwaka jana.

Desemba 14

Zipora amekuja. Nitaandika yote, maana hata nikitaka kuyasahau sitapata msaada.

Alikaa kwenye mkeka, akakataa kiti. Limi alikuwepo. Alianza kusimulia kama anayesimulia habari za mtu mwingine.

"Nilimwambia mnunuzi, safari hii huichomi tena dhahabu yangu. Imeandikwa, moto si uchafu. Maana unajua, Shemeji, kawaida yao lazima waipige moto tena mbele yako kabla ya kupima. Na sisi tunachukia, kwa sababu kila ikipigwa moto inapungua, tunaona kama wanaimeza. Basi nikakataa, na wenzangu nyuma yangu wakakataa. Akauliza, gazeti la nani? Nikampa. Alilisoma lote, hakuruka hata mstari. Akalikunja vizuri, akanirudishia."

"Akasemaje?" Salvina akauliza.

"Kwa adabu kabisa. 'Mama, tuichome kidogo tu, hapa mbele ya watu. Isipopungua, nakununulia bei ya juu na gazeti lako nalitundika ukutani.' Mimi nikaona nimeshinda. Nikawaita watu wasogee."

Akavuta kanga.

"Moshi ukatoka. Akaiweka kwenye mzani, Shemeji, imepungua kiasi ambacho hata mtoto angeona. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akauliza kama shemeji yangu ndiye aliyeila. Na sasa dhahabu ambayo haijaiva vizuri wanaiita ya gazeti. 'Umeleta nini leo, mama? Safi au ya gazeti?'"

Nilianza kusema kwamba hilo halibadilishi ukweli kuhusu bei.

Limi akauliza swali moja. "Mama Mdogo, ule moshi unatoka, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Karibu. Si nilikuwa naangalia mzani."

"Usisimame karibu tena. Ule moshi ndiyo zebaki yenyewe. Na nyumbani usichomee jikoni."

Zipora akasema jikoni ndiko hakuna upepo. Limi akahama kutoka kwenye kiti, akakaa naye kwenye mkeka, akamweleza kuhusu chombo chenye mfuniko na bomba la kupitishia mvuke ili zebaki irudi kwenye maji. Wakazungumza muda mrefu, vichwa karibu. Mimi nilikuwepo chumba kile kile na nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu unyonyaji. Hakuna aliyeniuliza.

Desemba 17

Januari amemnyima Limi hadubini. Nilikwenda kumfokea, akanisubiri nimalize.

"Mzee Deo, wanaonilipia kodi ya jengo hili ni nani? Wanunuzi. Wanaleta dhahabu nipime. Wiki hii hajaleta hata mmoja. Wanasema hapa ndipo gazeti linapopikwa."

"Kwa hiyo umeuza sayansi."

"Nimeifungia kabatini. Mwanao nampenda, ni kichwa kile. Lakini wewe ukija tena, njoo na dhahabu."

Desemba 20

Limi amepigiwa na msimamizi wake wa chuo. Gazeti limefika huko. Picha ambayo haijapitiwa na mtu, yenye maelezo ya uongo, kwa jina lake. Kamati ya shahada itakaa mwisho wa mwezi ujao, na inataka sahihisho lililochapishwa gazetini, lenye saini ya mwandishi. Bila hilo watamsimamisha.

Haya hakuniambia yeye. Nimeambiwa na Salvina, tukipepeta maharage.

Desemba 25

Misa. Pilau. Wote tulikuwa na adabu.

Desemba 28

Alinijia barazani mvua ikinyesha, akapiga goti kama alivyofundishwa na bibi yake, akakaa kwenye kigoda.

"Baba, naomba mistari mitatu. Kwamba picha haikuwa ya dhahabu safi. Kwamba ulitumia bila ruhusa yangu. Kwamba uliyoandika si matokeo yangu."

"Mistari mitatu ni tangazo la msiba."

"Basi litangaze."

Nikamwambia anajua ninachomaanisha. Miaka yote hii maadui zangu wananisubiri nifute neno moja. Nikifuta hilo, wanunuzi watalibeba gazeti kama bendera, na Zipora na wenzake hawatapata mtu mwingine wa kuwasemea.

"Mama Mdogo alichekwa kwa sababu ya gazeti hilo, Baba. Si kwa sababu ya mnunuzi."

"Unamtetea mnunuzi?"

Alitazama mvua. Uso wake siku hizi una kitu ambacho sikukiona Novemba. Ni ule ule, lakini hauruhusu jicho lako litulie juu yake.

"Mimi nilikusikia unalia redioni, ule mwaka mafuriko yalipofukia wachimbaji shimoni," akasema. "Nilikuwa kidato cha kwanza. Nikawaambia wenzangu, yule ni baba yangu. Nilidhani unalilia watu waliofukiwa."

"Nilikuwa nawalilia wao."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba mistari mitatu."

Nilimwahidi nitaandika.

Januari 4

Naandika. Si kazi nyepesi. Ukisahihisha bila kueleza muktadha unadanganya kwa mara ya pili.

Januari 7

Majaruba yamejaa. Salvina anapandikiza, anarudi na miguu myeupe kwa maji.

Januari 11

Imetoka. "Ufafanuzi kwa Wenye Haraka." Sahihisho limo, aya ya nne, yote matatu aliyoyataka. Aya tatu za mwanzo zinaeleza kwa nini mnunuzi anayefurahia kosa dogo la picha bado ana mikono michafu. Mbili za mwisho zinawauliza wasomi wa vyuo kwa nini hadubini yao imeharibika na hawana haya, ilhali wanayo nguvu ya kumtisha binti. Nadhani ni miongoni mwa makala zangu bora.

Salvina alisoma kwa miwani yangu, akarudisha miwani kwanza. "Hapa umemwomba radhi au umemshitaki?"

"Nani?"

"Ndicho ninachouliza."

Januari 12

Limi amesoma. Alikunja gazeti mara moja, mara mbili, akaliweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Meza imetulia.

Januari 14

Ameondoka na basi la asubuhi kwenda Dodoma, kwa rafiki yake waliyesoma pamoja. Alipiga goti. "Shikamoo, Baba." Marahaba. Nilimbebea begi hadi barabarani, akanishukuru kama unavyomshukuru mpagazi wa kituoni.

Januari 25

Nimejifunza leo kwamba binti yangu anaandika vizuri kuliko mimi.

Ukurasa wa sita, safu ya barua. Nainakili:

"Picha iliyochapishwa Novemba 30 ilikuwa ya dhahabu yenye zebaki. Mwandishi hakuwa na ruhusa yangu kuitumia, na aliambiwa kosa lake siku iliyofuata. Maelezo yake si matokeo ya kazi yangu, na ninaomba asitaje jina langu tena."

Kisha saini yake. Hakuna "baba yangu" mahali popote. Mwandishi.

Saa nzima ya kwanza nilikuwa na hasira tu, na hasira ni kitu ninachokijua. Nikakaa, nikaandika jibu. Lilikuja lenyewe, kama makala nzuri zinavyokuja: kwamba kizazi hiki kinasomeshwa kwa jasho la wanyonge kisha kinawakana, kwamba kuna watu wanapenda dhahabu zaidi kuliko wanaoichimba. Salvina aliingia na kapu, akalisoma juu ya bega langu, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane.

"Baba Limi. Utamjibu mtoto wako gazetini?"

"Yeye ndiye aliyeanza gazetini."

"Yeye alianza barazani. Alipiga goti."

Nikampigia mhariri hata hivyo. Nikamsomea mwanzo.

"Kaka Deo," akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha, "hii wataipenda. Baba na binti. Nakupa ukurasa mzima, na wiki ijayo tumtafute naye ajibu. Tunaweza kwenda nayo mwezi."

Nilimwambia nitampigia baadaye. Nikakaa na karatasi zile. Nilikuwa najua tangu mwanzo kwamba ni nzuri. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba mtu angeweza kufurahi namna ile juu ya Limi, na kwamba furaha hiyo nimeipika mimi.

Nimezichoma jikoni. Salvina alikuwa anabandika maji, akasogea kunipisha.

Januari 27

Nimepeleka mistari mitatu. Mhariri alisema haina ladha.

Februari 1

Imetoka, chini kushoto, kando ya magodoro.

Kamati ilikaa jana. Salvina ndiye aliyeambiwa. Wameipokea barua ya Limi, hawamsimamishi. Lakini kila alichokipima msimu huu kwa hadubini ya Januari, picha zote, joto lote aliloandika, hakitahesabiwa, kwa sababu sehemu yake ilishatoka nje kwa njia isiyoaminika. Aanze upya mahali pengine, na msimamizi mwingine. Yule wa kwanza amejitoa.

"Mistari yangu waliiona?" nikauliza, na hapo hapo nikajua nimeuliza nini.

"Imetoka leo, Deo. Wao wamekaa jana."

Februari 3

Mvua.

Februari 9

Nilimpigia. "Shikamoo, Baba. Nzuri. Nipo maabara." Nikasema nimefurahi amepata maabara. "Ndiyo, Baba." Nikasema huku mpunga umeshika. "Mama aliniambia." Nikasema basi. "Haya, Baba, asante kwa kupiga."

Ningefurahi angenitukana. Nimetukanwa na watu wenye kipaji, najua la kufanya.

Februari 16

Sikupeleka makala wiki hii. Wala iliyopita. Hakuna aliyepiga simu kuuliza isipokuwa mtu wa magodoro, aliyetaka kujua kama nafasi ipo.

Februari 24

Napalilia na Salvina. Mgongo.

Machi 5

Jumatano ya Majivu. Padri alinipaka majivu mengi kuliko wengine, au nilidhani hivyo.

Machi 8

Nimekwenda Bugarama mimi mwenyewe, maana gazetini nimeshasema na huko hawasomi ukurasa wa chini kushoto. Zipora alinipeleka hadi karasha. Kelele zile ni kama kusaga dunia. Walipozima mashine ili wale, nikasimama nikasema mimi ndiye wa gazeti, na kwamba nilikosea, na kwamba mwanangu aliniambia nimekosea na bado nikaenda redioni kurudia.

Walitafuna. Mama mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo tuichome?"

"Ichomeni. Ila nje, na kwenye chombo chenye mfuniko, na msisimame kwenye moshi."

"Hayo Zipora ametuambia tangu Krismasi. Aliambiwa na huyo binti." Akanipima kwa macho. "Wewe ulikuwa unakuja kutuambia nini?"

"Kwamba nilikosea."

"Hayo pia tunajua, Mzee. Karibu ugali."

Nilikula. Kijana mmoja akaniomba nitafute namna ya kuandika kuhusu bei, kwa sababu kweli wanaibiwa. Nikasema nitaangalia. Wanaibiwa kweli. Hilo lilikuwa kweli Novemba, na ni mimi niliyelifanya lichekwe.

Machi 19

Mvua imepungua. Ndege kwenye mpunga.

Machi 30

Nilikutana na Januari dukani. Akasema ametuma sampuli zake mwenyewe Dodoma, Limi alimwomba. "Anaendelea vizuri. Amekipata kile kipimo alichokuwa anakitafuta, karibu kabisa." Akanitazama. "Hakukuambia?"

Nikasema nilikuwa safarini.

Aprili 12

Tumeanza kuvuna. Salvina anakata, mimi nafunga. Mpunga ni mzuri mwaka huu na hatukuwa na la kusema juu yake.

Aprili 20

Pasaka. Limi hakuja, ana kazi. Baada ya chakula simu ya Salvina ililia mfululizo, na yeye akatoka nayo uani. Nilimwona kupitia dirishani, kaisogeza karibu na uso, anatabasamu jinsi ambavyo hajatabasamu ndani ya nyumba hii muda mrefu.

Nikatoka. "Ni yeye?"

"Kanitumia picha za kazi yake. Za mwanzo hadi mwisho."

Nikanyoosha mkono. Salvina akaishusha simu hadi tumboni.

"Ngoja nimuulize kwanza."

"Unamuuliza kama naweza kuona picha?"

"Ndiyo."

Akarekodi ujumbe wa sauti, polepole, kwa Kisukuma, kisha tukasubiri. Kuku walikuwa wanachakura makapi. Nilifikiria mambo kadhaa ya kusema kuhusu baba na heshima, na kila moja lilikuwa na mwanzo mzuri. Simu ikalia. Salvina akabonyeza ili nisikie mwenyewe. Ilikuwa sauti ya Limi, imetulia, nyuma yake kitu cha umeme kinaunguruma.

"Mwonyeshe, Mama. Ila simu ushike wewe."

Tukakaa kwenye benchi. Salvina aliishika kwa mikono miwili mbele yangu, mbali kidogo, kama unavyomshikia mtoto kikombe. Picha zilikuwa nyingi. Kiduara bapa kinang'aa. Ukingo wake unaanza kulegea. Kinapungua. Kisha ule ukungu. Chini ya kila moja kuna joto lake, kwa tarakimu ndogo. Na juu ya kila moja, kwa kukingama kutoka kona hadi kona, limepigwa jina la Limi kwa herufi nyeupe, hivi kwamba huwezi kuiona dhahabu bila kulisoma kwanza.

Nikauliza ipi ndiyo ile, ile ambapo uso unashindwa. Salvina akasema hajui, hakuambiwa. Tukarudia kuanzia mwanzo. Katikati kioo cha simu kikafifia, kikazima. Nikanyoosha kidole kukigusa, nikakirudisha mapajani. Salvina akakigusa yeye.